Joseph Chamberlain: Kutoka Kiwanda cha Skrubu hadi Wizara ya Makoloni

Ncha ya skrubu, 1836–1874

Hadi miaka ya mwanzo ya 1850, skrubu ya mbao iliyouzwa Uingereza ilikuwa butu mwishoni. Seremala alilazimika kutoboa tundu kwa keekee ndipo ashike bisibisi, na tundu likizidi upana hata kidogo, skrubu haishiki. Wamarekani wakaja na mashine ya kuchonga skrubu yenye ncha kali, inayojitafutia njia yenyewe ndani ya ubao. Mwaka 1854 John Sutton Nettlefold, mwenye kiwanda cha skrubu mjini Birmingham, aliamua kununua haki ya kutumia mashine hizo nchini mwake. Mtaji uliotakiwa ulikuwa kama pauni 30,000, naye hakuwa nazo zote. Akamwendea shemeji yake, mfanyabiashara wa viatu wa London aliyeitwa Joseph Chamberlain. Shemeji akatoa pauni 10,000, lakini hakuziachia hivi hivi. Alimtuma mwanawe mkubwa, kijana wa miaka 18, akakae Birmingham azichunge.

Kijana huyo, Joseph kama baba yake, alizaliwa Camberwell, London, tarehe 8 Julai 1836. Familia yao ilikuwa ya Waunitaria, Wakristo walio nje ya Kanisa la Anglikana, ambao kwa vizazi vingi walizibiwa njia za vyeo vya serikali na vyuo vikuu vikongwe, wakajijengea jina katika biashara. Aliacha shule akiwa na miaka 16 akaingia katika kazi ya baba. Birmingham alifikia kwa mume wa shangazi yake, akapewa upande wa hesabu na mauzo, huku binamu yake, Joseph Nettlefold, akisimamia mashine.

Ni kwenye mauzo ndipo kipaji chake kilipoonekana. Alipojua kwamba Wafaransa wamezoea kununua skrubu zilizofungwa katika karatasi ya buluu, aliwafungia katika karatasi ya buluu. Wenye viwanda vidogo waliwekwa njia panda: wauze kwa Nettlefold na Chamberlain, au washindane na kampuni yenye mashine za mvuke na bei wasiyoiweza. Wengi waliuza. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1870 kampuni hiyo ilitengeneza takriban theluthi mbili ya skrubu zote za Uingereza. Miaka kumi baadaye wapinzani wake wa kisiasa walimshutumu kwamba aliwanyonga wadogo, na baadhi ya wadogo hao hao wakajitokeza kumtetea: walisema walilipwa bei ya haki.

Mwenye kuielewa biashara hii ya skrubu ameielewa nusu ya siasa za Chamberlain. Kwanza, kununua washindani wote mpaka soko liwe na mwenyewe mmoja. Pili, kukopa bila woga kwa kitu kitakachojilipa. Tatu, kuamini kwamba anayeharibiwa mipango yake na mabadiliko hayo atapata kazi nyingine, au fidia, au atazoea.

Nyumbani mambo hayakumwendea kama ofisini. Mkewe wa kwanza, Harriet Kenrick, alifariki mwaka 1863 akijifungua mtoto wao wa pili, Austen. Mwaka 1868 alimwoa Florence, binamu ya Harriet, na mwaka uliofuata akazaliwa Neville. Florence naye alifariki kwa uzazi mwaka 1875. Waliomfahamu walisema imani yake ya dini haikupona baada ya hapo. Kazi ndiyo iliyobaki, na kwa bahati kazi ilikuwepo tele, kwani mwaka mmoja kabla ya msiba wa pili alikuwa ameuza sehemu yake ya kampuni akapata kama pauni 120,000. Alikuwa na miaka 38, tajiri, na meya.

Mji wa gesi na maji, 1869–1876

Birmingham ya katikati ya karne ilikuwa na viwanda vya kila namna na halmashauri ya watu wenye mikono mizito. Kundi lililoitawala kwa miaka lilikutania katika baa iliyoitwa Woodman, na sera yake ilikuwa moja: kodi ya majengo isipande. Barabara zikose lami, maji ya kisima yanuke, ilimradi mwenye duka asiongezewe senti.

Wachungaji ndio waliotangulia kulipinga jambo hili. George Dawson na R. W. Dale walihubiri kwamba kuhudumia mji ni ibada, na kwamba tajiri anayejifungia Edgbaston, kitongoji cha matajiri, huku katikati ya mji watoto wakifa kwa maji machafu, ana swali la kujibu. Hawakuwa wakitia chumvi: katika baadhi ya kata za katikati kiwango cha vifo kilikuwa kama mara mbili ya kile cha Edgbaston. Wenye viwanda walikaa kwenye viti vya kanisa wakasikiliza, kisha wakagombea udiwani. Chamberlain, ambaye mwaka 1869 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Umoja wa Taifa wa Elimu uliodai shule za bure kwa watoto wote, alichaguliwa diwani mwaka huo huo. Novemba 1873 akawa meya.

Alianza na gesi. Mji ulikuwa na kampuni mbili za gesi ya taa, kila moja ikichimba barabara kufukia mabomba yake. Chamberlain alipendekeza mji uzinunue zote mbili, kwa karibu pauni milioni 2. Madiwani walishtuka, kwani halmashauri haikuwa imewahi kuota deni la namna hiyo. Yeye aliwaeleza kama anayewasomea taarifa ya kampuni: mapato haya, matumizi haya, riba hii, faida hii. Hata alisema yuko tayari kuichukua biashara hiyo yeye mwenyewe, kama wao wanaiogopa. Sheria ilipita mwaka 1875, na faida ya mwaka wa kwanza ikawa kama pauni 34,000. Sehemu ya fedha za gesi ndiyo iliyojenga jumba la sanaa la mji lililofunguliwa 1885. Ofisi za idara ya gesi zilikuwa chini, picha zikatundikwa ghorofani juu yake, na sidhani kuna jengo linaloeleza vizuri zaidi jinsi watu wale walivyofikiri.

Kwenye maji hoja ilibadilika. Kampuni ya maji nayo ilinunuliwa, kwa pauni 1,350,000, lakini Chamberlain alikataa isifanywe kitega uchumi. Gesi, kwake, ilikuwa bidhaa, na faida yake ni halali ya mji. Maji yalikuwa afya, na faida yake ihesabiwe kwa vifo vilivyopungua.

Hatua ya tatu ndiyo yenye utata. Sheria ya makazi ya wafanyakazi ya 1875 iliruhusu halmashauri kuvunja mitaa duni. Birmingham ikaitumia kuvunja moyo wa mji na kupitisha barabara pana ya Corporation Street, yenye maduka na ofisi kwa mtindo wa Paris. Viwanja vilikodishwa kwa miaka 75, ili mwishowe vitukuu wa walipa kodi warithi mji tajiri. Mpango ulikuwa na akili nyingi. Ila wale waliokuwa wakiishi pale, ambao kwa jina lao sheria ilitungwa, walihamia vichochoro vya jirani na kuvijaza zaidi, kwa sababu nyumba zilizojengwa kwa ajili yao zilikuwa chache mno. Kwa mara ya kwanza tunamwona Chamberlain akiendeleza mahali bila kuwauliza waliomo.

Bungeni, 1876–1886

Juni 1876 aliingia Bungeni kama mbunge wa Birmingham. Wabunge wa kale walitazamia mpayukaji wa viwandani. Walichoona ni mtu mwembamba asiye na ndevu, miwani ya jicho moja, ua la okidi kifuani, sauti tulivu na ulimi mkali kama wembe. Okidi alizipanda mwenyewe katika vibanda vya vioo vya Highbury, jumba alilojijengea nje kidogo ya Birmingham.

Mwaka 1877 alianzisha shirikisho lililounganisha matawi ya Waliberali nchini kote, lenye orodha za wapiga kura, kamati za kata na nidhamu. Ilikuwa mashine ya kwanza ya namna hiyo katika siasa za Uingereza, na Waliberali waliposhinda mwaka 1880, Waziri Mkuu Gladstone hakuweza kumwacha nje ya baraza la mawaziri. Akapewa wizara ya biashara, akapitisha sheria za mufilisi na za hataza. Mwaka 1885 alitikisa nchi kwa hotuba zilizouliza wenye mali watalipa fidia gani kwa ulinzi wanaopewa. Matajiri walimwona mwasi wa tabaka lake.

Halafu ikaja Ireland. Mwaka 1886 Gladstone alipeleka muswada wa kuipa Ireland bunge lake. Chamberlain alikuwa tayari kuwapa Waireland mabaraza yenye madaraka ya kutosha, lakini bunge la Dublin lenye nguvu za kutunga sheria aliliona kama mwanzo wa kuvunjika kwa dola. Alijiuzulu. Usiku wa Juni muswada ulipoangushwa kwa tofauti ya kura 30, Waliberali 93 walikuwa wamepiga kura dhidi ya kiongozi wao. Chama kikapasuka vipande viwili, na kwa karibu miaka ishirini iliyofuata Wahafidhina ndio waliotawala zaidi. Yule aliyetaka kuwatoza wenye mashamba makubwa alijikuta akikaa benchi moja nao. Mwaka 1888 alioa mara ya tatu, safari hii Mmarekani, Mary Endicott, binti wa waziri wa vita wa Marekani.

Katikati ya miaka hiyo ya kungoja kuna kisa kimoja kitakachomfurahisha msomaji wa Tanga. Familia iliwekeza katika shamba la mkonge kisiwani Andros, Bahamas, na Neville akapelekwa kulisimamia. Ardhi ilikuwa mwamba mtupu. Hadi walipofunga shamba, 1897, walikuwa wamepoteza kama pauni 50,000. Wakati huo huo mkonge ulioletwa Afrika Mashariki na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893 ulikuwa unashika mizizi vizuri tu.

Mashamba yasiyoendelezwa, 1895–1902

Mwaka 1895 Waziri Mkuu wa Wahafidhina, Lord Salisbury, alimpa nafasi ya kuchagua karibu wizara yoyote. Alichagua Makoloni, ofisi iliyodhaniwa ni ya kusinzia. Bungeni alieleza kwamba makoloni ni mashamba ya taifa yasiyoendelezwa, yanayohitaji mtaji. Lugha ni ile ile ya gesi: kopa, jenga, vuna. Fedha zikapatikana kwa reli za Afrika Magharibi. Alimuunga mkono daktari Patrick Manson, na mwaka 1899 ikafunguliwa London shule ya tiba ya magonjwa ya nchi za joto, ambayo mpaka leo inafundisha madaktari wa Afrika.

Tofauti na Birmingham ilikuwa moja, nayo ni kubwa. Kule walioendelezwa walikuwa wapiga kura.

Mfano mzuri ni wa mwaka wake wa kwanza. Machifu watatu wa Bechuanaland, Khama, Sebele na Bathoen, walisafiri hadi Uingereza kupinga nchi zao zisikabidhiwe kampuni ya Cecil Rhodes, tajiri wa Kiingereza wa Afrika Kusini. Chamberlain aliwaambia waelewane na kampuni, akaenda likizo. Machifu hawakurudi nyumbani. Walizunguka miji ya Uingereza wakihutubia makanisani, na Khama, aliyepiga marufuku pombe katika nchi yake, akapendwa mno na Waprotestanti wa tabaka la kati, yaani watu wale wale waliompigia Chamberlain kura. Barua zikamiminika wizarani. Waziri aliporudi aliwapa karibu kila walichoomba: wabaki chini ya ulinzi wa Malkia, kampuni ipate tu ukanda wa mpakani kwa ajili ya reli. Botswana ya leo isingekuwa ilivyo bila ziara hiyo.

Watu wa Sierra Leone hawakuwa na nafasi kama hiyo. Kodi ya kibanda ilipozusha vita mwaka 1898, kamishna aliyetumwa kuchunguza, David Chalmers, alishauri kodi ifutwe. Chamberlain alichukua upande wa gavana, na kodi ikabaki.

Afrika Kusini ndiyo iliyomharibia jina. Mwishoni mwa Desemba 1895 Jameson, mtu wa Rhodes, alivuka kutoka Pitsani, mpakani mwa Bechuanaland, na wapanda farasi wapatao mia tano ili kuipindua serikali ya Makaburu wa Transvaal. Alikamatwa baada ya siku chache. Chamberlain alilaani uvamizi huo hadharani, na kamati ya Bunge ikamsafisha mwaka 1897, ingawa wanahistoria wengi wanaona alijua vizuri kuwa maasi yanapikwa Johannesburg. Vita kamili vilizuka Oktoba 1899 na magazeti yakaviita vya Joe. Viligharimu zaidi ya pauni milioni 200. Katika kambi walikokusanywa raia walikufa Makaburu wapatao 26,000, wengi wao watoto, na Waafrika wasiopungua 14,000 katika kambi zao, ambazo Ulaya haikuzililia sana. Vifo vilipungua baada ya wizara ya Chamberlain kuchukua kambi hizo kutoka mikononi mwa jeshi mwishoni mwa 1901, jambo linaloonyesha kwamba vingeweza kupunguzwa mapema.

Birmingham haikumwacha. Desemba 1901 Lloyd George, mpinzani mkali wa vita, alipothubutu kuhutubia katika ukumbi wa mji huo, umati ulivunja madirisha, naye akatoroshwa akiwa amevalishwa sare ya polisi.

Gari moshi kutoka Mombasa, 1902–1905

Vita vilipokwisha Chamberlain aliamua kwenda kujionea Afrika Kusini, jambo ambalo waziri wa makoloni hakuwa na desturi ya kulifanya. Alisafiri na mkewe kwa manowari Good Hope kupitia Misri, na Desemba 1902 wakashuka Mombasa. Himaya ya Afrika Mashariki haikuwa hata chini yake, kwani hadi 1905 ilisimamiwa na Wizara ya Mambo ya Nje. Lakini reli ilikuwepo. Ilikuwa imefika Ziwa Victoria mwaka mmoja tu nyuma, imetafuna zaidi ya pauni milioni 5 na roho za vibarua wa Kihindi wapatao 2,500, na haikuwa na mizigo ya kutosha kujilipa. Kwa mtu wa hesabu, mabehewa matupu yalikuwa tusi. Alipanda gari moshi kuelekea bara, akatazama nyanda za juu zenye baridi, akaona ardhi isiyo na watu.

Watu walikuwepo. Waliokuwa wachache dirishani mwa gari moshi ni wale wa kulima kwa namna aliyoizoea yeye.

Akamkumbuka Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni, aliyekuwa akitafuta mahali pa kuwapeleka Wayahudi waliokuwa wakiuawa na kuteswa katika dola ya Urusi. Aprili 1903, akiwa amerudi London, alimweleza kwamba pwani ni joto lakini bara hali ya hewa yawafaa hata Wazungu. Agosti mwaka huo serikali ikaandika rasmi kwamba iko tayari kulizungumzia jambo hilo. Historia imeliita pendekezo la Uganda, ingawa eneo lililokusudiwa baadaye, uwanda wa Uasin Gishu, lilikuwa limehamishiwa upande wa Kenya ya leo mwaka 1902. Mkutano wa Wazayuni mjini Basel ulikubali kwa kura 295 dhidi ya 178 kwamba tume ikaangalie. Wajumbe wa Urusi walitoka nje wakilia. Tume ilifika mapema 1905, ikaleta ripoti isiyovutia, na mkutano wa mwaka huo ukakataa. Herzl alikuwa ameshafariki.

Wanandi na Wamaasai, ambao mifugo yao ilikuwa ikilishwa kwenye uwanda huo, hawakuitwa Basel wala London. Na mwaka 1908 walowezi waliofika kwa magari ya ng'ombe kuuchukua walikuwa Makaburu kutoka Afrika Kusini, watu wa jamii iliyokuwa imetoka kupigana na Waingereza katika vita vya Joe.

Mikate miwili, 1903–1906

Safarini Chamberlain aliamini kwamba dola itashikamana tu ikiunganishwa na biashara. Aliporudi akakuta waziri wa fedha amefuta ushuru mdogo wa nafaka, ule ambao yeye alitaka uwe mlango wa kuyapendelea makoloni. Tarehe 15 Mei 1903, Birmingham, alitamka hadharani kwamba biashara huria, imani ya Uingereza tangu 1846, imepitwa na wakati. Mwaka 1881, akiwa waziri wa biashara, yeye mwenyewe ndiye aliyeitetea. Lakini viwanda vya Ujerumani na Marekani vilikuwa vimekua nyuma ya kuta za ushuru, na viwanda vya chuma vya Birmingham vilikuwa vya kwanza kuhisi maumivu.

Septemba alijiuzulu ili awe huru kuhubiri. Alipendekeza shilingi 2 kwa kila kipimo cha ngano ya kigeni, asilimia 5 kwa nyama na maziwa, asilimia 10 kwa bidhaa za viwandani, makoloni yasamehewe. Wapinzani hawakuhitaji hesabu ndefu, walisema mkate wako utapungua. Novemba alisimama katika ukumbi wa Bingley Hall, Birmingham, akainua mikate miwili mbele ya maelfu ya watu. Mmoja ulikuwa umepunguzwa unga kwa kiasi cha ushuru wake. Aliwauliza upi mkubwa. Watu walicheka na kushangilia, kwani tofauti haikuonekana.

Nje ya Birmingham walihofia kuupima mkate huo mezani kwao. Katika uchaguzi wa 1906 Wahafidhina na wenzao walibaki na viti 157 tu, na Waziri Mkuu wa jana, Balfour, alipoteza cha kwake. Chamberlain alikuwa amepasua chama cha pili maishani mwake. Viti vyote saba vya Birmingham vilibaki kwake.

Baada ya kiharusi, 1906–1932

Julai 1906 mji ulimsherehekea kutimiza miaka 70 kwa gwaride, hotuba na mienge. Siku chache baadaye, akijiandaa kwa chakula cha jioni nyumbani kwake London, alianguka bafuni. Mkewe aligonga mlango uliofungwa, akasikia sauti dhaifu ikisema hawezi kutoka. Kiharusi kilimpooza upande wa kulia na kumharibia usemi. Aliishi miaka minane zaidi, akabaki mbunge, lakini hakuhutubia tena. Alifariki 2 Julai 1914. Familia ilikataa heshima ya kumzika Westminster Abbey, akazikwa Birmingham.

Austen alikuwa waziri wa mambo ya nje na kupata Tuzo ya Nobel ya Amani ya 1925. Neville, yule wa mkonge, alikuwa meya wa Birmingham, kisha Waziri Mkuu mwaka 1937. Lakini kabla ya hapo, Februari 1932, akiwa waziri wa fedha katikati ya mdororo wa uchumi duniani, alisimama Bungeni akawasilisha muswada wa ushuru wa asilimia 10 kwa bidhaa nyingi za kigeni. Aliwakumbusha wabunge kazi ya baba yake, na Austen akashuka kutoka kiti chake kumpa mkono. Mwaka huo huo, Ottawa, nchi za dola zilikubaliana kupendeleana kibiashara.

Kenya, Uganda na Tanganyika hazikuweza kuingia kikamilifu katika mpango huo. Mikataba ya Bonde la Kongo, iliyotokana na Mkutano wa Berlin wa 1884–1885, ilitaka bidhaa za kila taifa zitozwe ushuru sawa katika eneo hilo. Kwa hiyo katika miaka ya 1930, huku viwanda vya nguo vya Lancashire vikilindwa kwingineko, wanunuzi wa Afrika Mashariki walichagua vitambaa vya pamba vya Kijapani, kwa sababu vilikuwa rahisi.